Maji ya Kuonja

Mama mkwe wangu alizikwa na watu wengi kuliko alivyostahili, na mimi ndiye niliyelia kuliko wote. Nasema hivyo bila kinyongo. Tuliishi naye kwenye ua mmoja miaka mingi, tukagombana kwa ajili ya chumvi, kuni na majina ya watoto, na siku ya msiba wake nilijikuta nimekaa mkekani nashindwa hata kupokea mkono wa pole. Ndipo akaingia mzee mmoja mrefu, koti limempwaya, akasimama mlangoni akiangaza macho kama mtu aliyekosea nyumba. "Pole sana, mama Bhoke," alisema. "Ni mimi Petro. Petro wa maji." Wanawake waliokuwa wakichambua mchele pembeni wakainua vichwa. Jirani yangu Nyangi akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika. "Petro wa kuonja?" aliuliza. Basi pale pale, marehemu akiwa bado hajatoka ndani, wanawake wazima tukaangua kicheko, na mzee Petro naye akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Wajukuu walitukasirikia. Waliona tumekosa adabu. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule, na hakuna aliyewahi kuwaeleza vizuri, maana kila anayeanza kueleza hucheka kabla hajafika katikati.

Ulikuwa mwaka tuliohamishiwa kijijini. Tulisikia kwamba wenzetu wa Serengeti, upande wa Morotonga, walikuwa wamekwisha kuhamishwa, na sisi wa Tarime tukajidanganya kwamba lori halitafika kwetu. Lilifika. Tulishushwa kwenye tambarare, viwanja vimepangwa mstari kama madawati, na nyumba yangu ya kwanza ilikuwa fito zilizokandikwa pande tatu tu, na paa la nyasi lililovuja pale pale nilipotandika. Mume wangu alikuwa na kibarua Musoma. Alikuja mwisho wa mwezi, akala, akasifu mtoto, akaondoka. Mtoto mwenyewe, Bhoke, alikuwa hajaanza kusimama. Na mimi nilikuwa na kidato cha nne. Nilijua jinsi ya kutenganisha chumvi na mchanga kwa maji na karatasi ya kuchujia, mwalimu alinisifu mbele ya darasa, na sasa kazi yangu kubwa ilikuwa kufua vitambaa vya mtoto anayeharisha. Nilikuwa na hasira tangu naamka. Nilimkasirikia mwenyekiti wa kijiji, nikamkasirikia mume wangu, nikalikasirikia lori lililotuleta hata baada ya kuondoka. Watu wa makamo hupenda kusema kwamba ujana ni wakati wa furaha. Mimi ujana wangu nauona kama mtu amenibana mlangoni na kunizuia nisipite.

Bhoke aliharisha, akapata nafuu, nikaanza kupumua, akaharisha tena. Miguu yake ilikonda hadi ngozi ya mapaja ikalegea kama soksi. Nilimpeleka zahanati nikiwa nimemfunga mgongoni, na mganga, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, aliniambia bila kuinua kichwa, "Chemsha maji." Nikamwuliza, "Tope ukilichemsha linakuwa nini?" Akainua kichwa. Nikamjibu mwenyewe, "Linakuwa tope la moto." Nilitaka anigombeze ili nami nimgombeze, lakini alishusha pumzi tu, akasema, "Dada yangu, nami nakunywa mto huo huo."

Mto wenyewe tuliuita Mto wa Mawe. Ni mto mdogo unaokwenda kuingia Mara. Tulipoishi juu kila mtu na boma lake, mvua ikinyesha ulichafuka siku moja, kesho yake ukatulia. Mwaka ule haukutulia. Trekta lilikuwa limelima shamba la ujamaa kutoka kileleni hadi ukingoni, mistari imeshuka moja kwa moja na mteremko, na ng'ombe wa kijiji kizima walitelemkia njia moja kunywa. Mvua ilipokuja, shamba ndilo lililotelemka. Maji yakawa mazito, rangi ya chai iliyotiwa maziwa, na ukiacha ndoo usiku, asubuhi unakuta chini kuna uji wa udongo unaoweza kukandikia ukuta. Nadhani ukuta wangu wa nne niliukandika kwa maji ya kunywa.

Nyumba pekee iliyokuwa na raha ilikuwa ya mama mkwe. Alijijengea msonge wake kwanza kabla ya mtu yeyote, akisimamia wanaume kwa matusi, na ndani kulikuwa na giza zuri lenye harufu ya moshi na maziwa. Nyuma, mbali na jiko, alipanga mitungi yake. Maji ya mtoni yalikaa humo mpaka tope lizame, ndipo alipoyachota juu juu kwa kibuyu kidogo, bila kutikisa, kama mtu anayemwibia aliyelala. Hayo yalikuwa maji ya wageni, na alikuwa na kikombe cha bati chenye ua jekundu ambacho hakuna mwingine aliyekigusa. Mitungi haikutosha watu wa nyumbani. Kutwa tulishinda shambani, na shambani tulikunywa kilichokuwa ndani ya ndoo, mimi na mtoto wangu.

Petro alikuja na Land Rover kabla masika hayajashika. Alikuwa Mhaya, kijana mwembamba mwenye viatu vilivyokwisha kushindwa na udongo wetu, na aliuambia mkutano wa kijiji jambo ambalo kila mtu alilielewa. Serikali italeta maji. Njia ni mbili. Ama pampu iwekwe pale mtoni, karibu, kazi nyepesi. Ama litandazwe bomba kutoka chemchemi ya mlimani, upande wa Kemambo, kazi ngumu na ya gharama. "Tutapima mto masika yote," alisema. "Ukiwa msafi, tunaweka pampu. Ukiwa na tope jingi, tope litaiua pampu, kwa hiyo itabidi bomba. Nataka mtu mmoja wa hapa anayejua kusoma, awe ananichotea."

Mwenyekiti, Mzee Marwa, akamtaja mtoto wa dada yake. Nikasimama, Bhoke mgongoni. "Huyo hajui hata desimali," nilisema.

"Mama Bhoke, kaa chini," alisema mwenyekiti. "Hii ni kazi ya mtoni, si ya kunyonyesha."

"Na mtoni huwa unakwenda wewe?" Wanawake wakacheka. Petro akaniuliza kama mimi najua desimali. Nikamwambia anipe mtihani pale pale. Hakunipa. Alinipa chupa.

Kazi ilikuwa hivi. Kulikuwa na ubao wenye namba uliosimikwa majini, nao niliusoma. Kisha niliingiza chupa ya kioo kwenye fremu ya chuma yenye kamba, nikaitelemsha katikati ya mkondo, mdomo wake ukiyaelekea maji yanakotoka, nikaipandisha taratibu kabla haijajaa hadi juu, nikaifunga. Basi. "Usiimwage, usiichuje, usiiongeze," Petro alisema. "Mama Bhoke, nisikilize. Wewe unaona tope ni uchafu. Mimi tope ndilo ninalolitafuta. Musoma watalichuja, walikaushe, walipime uzito." Nilimpenda kwa maneno hayo. Tangu nitoke shule hakuna mtu aliyekuwa amenieleza jambo lolote mpaka mwisho.

Siku hiyo mama mkwe alimkaribisha chakula. Ugali wa mtama, mgagani uliolala kwenye maziwa, na maziwa mgando kwenye kibuyu. Petro alikula kama mtu aliyelelewa vizuri, akanywa maji ya kikombe chenye ua, akasifu. Mama mkwe hakuwa na Kiswahili kingi, na Petro hakuwa na Kikurya hata kidogo, kwa hiyo alipotaka kumweleza kazi yake alichagua maneno mepesi, polepole, kama tunavyofanya sote kwa wakwe zetu. "Mama, tunataka kuonja maji yenu. Wakubwa wa Musoma watayaonja." Mama mkwe akanigeukia akaniuliza kwa Kikurya, "Wakubwa wenyewe?" Nilikuwa namnyonyesha Bhoke aliyekuwa akining'ata. "Ndiyo, wenyewe," nikamjibu. Akatazama mitungi yake. Hakuna mtu aliyemwangalia usoni wakati ule, na ningetoa kitu kizuri leo nipate kuuona uso huo.

Masika yakaja. Nilichota kila mvua kubwa ilipopita, kanga imefungwa kiunoni, Bhoke ameachwa kwa Nyangi, na chupa zangu zilitoka majini zikiwa na rangi ya matofali. Nilizipenda kama watu wanavyopenda mahindi yaliyobeba. Kwangu kulivuja, na watoto wa jirani walikuwa wakipita upande usio na ukuta, kwa hiyo nilizihifadhi kwa mama mkwe, kwenye giza, nyuma ya mitungi, hadi gari lije. Dereva alikuja nikiwa shambani, akazipakia kwenye sanduku lenye maranda ya mbao bila kushuka vizuri. Nililima nikijiambia, bomba hilo linakuja. Bhoke akiharisha nilimnong'oneza, "Vumilia, tope lako linapimwa."

Mvua zilipoanza kupungua, Petro akarudi, ukaitishwa mkutano. Alionekana hana furaha. Alisema vipimo vya Musoma vimeonyesha Mto wa Mawe ni mto safi ajabu, karibu hauna tope, hata wao wenyewe wameshangaa. Pampu itawekwa mtoni. Mabomba hayatakuja. Watu walipiga makofi kwa sababu walisikia neno safi. Mama mkwe, aliyekaa mbele na wazee wenzake, alipiga makofi kuliko wote, uso unang'aa kama wa mama wa bibi harusi.

Nikasimama. "Chupa zangu zimeguswa," nilisema.

"Kaa chini, mama Bhoke," alisema Mzee Marwa.

"Sikai. Ndugu Mwenyekiti, nani hataki isemwe kwamba shamba la ujamaa limehamia mtoni? Ni mimi? Nani aliliongoza trekta lishuke na mteremko? Ni mimi? Umemwaga chupa zangu."

"Wewe binti, unanitukana mbele ya wageni?"

"Nakutukana mbele ya mto. Twende wote tukauangalie!"

Wazee wakaguna. Mtu nyuma akasema kwamba ndiyo matokeo ya kusomesha wanawake, mwingine akamjibu kwamba walau huyu anasema, na mkutano ukavunjika kwa kelele. Petro alinifuata nje. Alisema kwa sauti ya chini kwamba naye ana macho, ameuona mto, lakini hawezi kupeleka macho yake Musoma kwenye chupa. Atarudi mara moja tu kabla pampu haijapakiwa. Nichote tena. "Na safari hii zilinde," alisema.

Nikazilinda. Mvua ya mchana ilinyesha, nikachota, nikaziweka pale pale nyuma ya mitungi, nikakaa kwenye kizingiti cha nyumba ya mama mkwe nikimenya muhogo kwa kisu kikubwa kuliko muhogo wenyewe, macho yangu yakiwa nyumbani kwa Mzee Marwa ng'ambo ya barabara. Alitoka, akaniona, akarudi ndani. Nikafurahi. Nyuma yangu, ndani, nilimsikia mama mkwe akijiimbia puani kama alivyozoea akifanya kazi za jiko. Kisha nikasikia maji. Yalikuwa yanamwagika taratibu, yakikwama kwenye shingo nyembamba, yakigugumia. Sauti ya chupa inayomiminwa.

Niliingia na kisu mkononi. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya mitungi, ndoo ya tope langu kando yake. Chupa ya kwanza alikwisha kuiosha, ameisugua kwa mchanga mpaka imeng'aa, na sasa alikuwa anaijaza kwa kibuyu kidogo, maji ya juu juu, bila kutikisa. Alifuta shingo yake kwa ncha ya kanga. Aliponiona hakushtuka hata kidogo.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nafanya kazi yako," alisema. "Umesoma, lakini hukufundwa."

"Ni wewe? Siku zote ni wewe?"

"Ulitaka awe nani? Mgeni amesema wakubwa wataonja maji ya nyumba yangu. Wewe unawapelekea tope! Ukawafanya watu wazima wa Musoma wanywe kinyesi cha ng'ombe kwa jina la mwanangu! Nimekusitiri, mokamona, mkwe wangu, sikusema kwa mtu. Mke wa mwanangu ananiaibisha, nami nanyamaza naosha chupa."

Nilikaa chini penye majivu. Nilitaka kupiga kelele, na nilipofungua mdomo kilichotoka ni kicheko, kicheko kibaya cha mtu aliyechoka, na yeye akadhani nimerukwa na akili. Hakukuwa na adui. Mchana wote nilikuwa nikimvizia adui ng'ambo ya barabara, kumbe hakuna adui, ni bibi kizee na adabu yake na neno moja la Mhaya. Hata sasa nikikumbuka pale penye majivu nasikia kifua kinafunguka. Mzee Marwa, kwa taarifa yenu, sikumwomba radhi. Chupa hakuzigusa, lakini shamba lilikuwa lake.

Nilimweleza. Nilimweleza kwa Kikurya kwamba hawataonja, watapima, wanalitaka tope lenyewe, tope ndilo litakalotuletea bomba. Alinisikiliza, kisha akakataa. Alisema mimi ni mdogo, sijui wakubwa. Hakuna mkubwa anayetoka Musoma kutafuta tope, huko nako lipo. Alisema niondoe chupa zangu nyumbani kwake, kila mtu abaki na aibu yake. Tuligombana mpaka Nyangi akaja na Bhoke akidhani kuna aliyekufa. Bhoke alikuwa mlegevu begani kwake, midomo imekauka. Alinyoosha mikono, si kwangu, kwa bibi yake.

Nilikichukua kile kikombe chenye ua jekundu. Nyangi alivuta pumzi. Nikakichovya kwenye ndoo ya tope, nikamwekea mama mkwe mkononi. "Onja," nilisema.

Hakuonja. Alikitazama. Udongo ulikuwa umeanza kuzama, ukilifunika ua.

"Hayo ndiyo Bhoke anaonja shambani kila siku, Mama. Yeye si mkubwa wa Musoma. Hakuna anayemchotea juu juu."

Kisha akainuka, akatoka nje, akakimwaga kikombe taratibu nyuma ya nyumba, akarudi, akampokea mtoto kwa Nyangi. Akampa maji ya mtungini kwa kidole, tone kwa tone, na mimi nikazichukua zile chupa na fremu ya chuma nikarudi mtoni kabla maji hayajapungua.

Petro alipofika, chupa nilikuwa nimezihamishia kwangu, lakini nilipokwenda kuzichukua sikuzikuta. Nikatoka nje nikaona mama mkwe anakuja kutoka nyumbani kwake, amevaa gauni la kwendea kanisani, chupa amezikumbatia kifuani na kuzifunika kwa kanga kama mtu aliyebeba kitu cha kutisha watoto. Alisimama mbele ya Petro. Wazee walikuwa wanatazama, Mzee Marwa akiwa mmoja wao. Akafunua. Tope lilikuwa pale, jekundu, zito, halijaguswa. Macho yake yalikuwa chini, na kwa Kiswahili chake alisema, "Usinywe, mwanangu."

Petro alinitazama. Nilimwambia kwa Kiswahili cha haraka yote yaliyotokea, mitungi, mchanga wa kusugulia, kuonja. Niliona anavyoelewa, uso ukipitia aibu, kisha kicheko alichokimeza, kisha kitu kingine. Alizipokea zile chupa kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kama anavyopokea mtu aliyepewa chakula. "Shikamoo, mama. Sinywi. Nitapima."

"Marahaba," alisema mama mkwe. Kisha akanigeukia, akanena kwa Kikurya, kwa sauti ya kuwasikizisha wazee wote, "Si angesema kupima tangu mwanzo?"

Safari hii Musoma hawakushangaa. Petro aliwaeleza, nao, alituambia baadaye, wakacheka ofisi nzima, kisha wakapeleka mtu wao mwenyewe akachota mvua ya mwisho ya masika. Pampu haikuja. Yalikuja mabomba, yakalala kando ya barabara kipindi chote cha kiangazi tukayakalia kama mabenchi, na tulichimba mtaro sisi wenyewe, wanaume na wanawake, kutoka mlimani hadi kwenye viwanja. Mzee Marwa alichimba mbele kabisa, kwa sauti, kama aliyelitaka bomba tangu zamani. Nilimwacha. Nilikuwa nimechoka kukasirika. Nilihitaji nguvu ya jembe.

Maji yalipofika yalikohoa kwanza, yakatema kutu, yakatoka. Watu waliimba, hotuba zilisomwa, lakini hayo siyo niliyoyatunza moyoni. Ninachokumbuka ni siku moja isiyo na jina, wiki kadhaa baadaye. Nilitoka shambani mchana nikamkuta mama mkwe anazunguka uani, Bhoke amefungwa mgongoni kwake, amelala, shavu limebandikwa kwenye kanga, miguu imening'inia pande zote mbili. Niliitazama ile miguu. Ilikuwa na mikunjo kwenye mapaja, mikunjo ya unene.

"Mchukue mtoto wako," mama mkwe alilalamika. "Amekuwa mzito huyu. Mgongo unaniuma."

"Pole, Mama," nilimwambia. Nikakaa kwenye kivuli cha ukuta, nikanyoosha miguu, na sikumpokea.